Boksi la slaidi za seli zinazogawanyika nililonunua Dodoma: slaidi chukueni, karatasi ya maelezo iacheni

Walimu wenzangu wa baiolojia mlioko Dodoma, Manyoni, Singida, Kondoa na Mpwapwa, na nyie wanafunzi wa PCB na CBG mnaochangishana hela mnunue vifaa vya kusomea wenyewe, mmeniuliza sana kuhusu lile boksi la slaidi za mgawanyiko wa seli linalouzwa hapa mjini, kwahiyo najibu hapa kwa wote nisirudie rudie. Slaidi nunueni, zina thamani ya hela yake na zaidi. Ila ile karatasi ya maelezo iliyokunjwa ndani ya boksi msimpe mwanafunzi, maana inafundisha kitu ambacho slaidi mbili za kwenye boksi hilohilo zinakikataa ukiziweka tu chini ya lenzi, na kitu chenyewe si kidogo, ni swali la msingi kabisa: seli inaanzishaje zile nyuzi za kuvuta kromosomu, inazianzishia wapi, na inajuaje kwamba saa ya kuzianzisha imefika.

Duka liko mitaa ya katikati, unatembea kwa miguu tu kutoka soko la Majengo. Wanauza bika, testi tyubu, taa za spiriti, makoti meupe na zile hadubini za shule zenye kioo chini. Kijana wa dukani mstaarabu mno, alinifungulia boksi akasema "Madam, toa moja moja uangalie kwenye mwanga, ukikuta yenye ufa nakubadilishia sasa hivi," na kweli moja ilikuwa na kioo cha juu kimenyanyuka pembeni, akabadilisha bila maneno. Alianzia Tsh 85,000 tukashushana mpaka 70,000. Kariakoo unaweza ukapata chini ya hapo, ila fikiria vioo vyembamba vile vikae kwenye buti ya basi mpaka stendi ya Nanenane, afu ufungue ukute vipande, utamdai nani? Mi naona kununua hapa ambapo unakagua kwa macho yako ni bora hata kama unaongeza kidogo.

Ndani kuna slaidi kumi, kila moja kwenye mfereji wake. Nyingi sitazizungumzia, kuna korodani za panzi (rangi imepauka, hiyo ndo dhaifu kuliko zote), kuna yungiyungi kwa ajili ya meiosisi, kuna mayai ya mnyoo Ascaris, ziko sawa tu. Zinazobeba boksi zima ni mbili: ncha ya mzizi wa kitunguu, na kiinitete kichanga cha samaki wa jamii ya Coregonus, wale wa maziwa ya baridi ya Amerika Kaskazini, ambao maabara za shule na vyuo wanawatumia kwa kazi hii miaka na miaka kwa sababu seli za kiinitete chao ni kubwa na zinagawanyika kwa kasi, yaani ukikata kipande kimoja tu unazikuta za kila hatua.

Tuanze na kitunguu. Kitunguu kwetu huku si mgeni, Singida ndo nyumbani kwa vitunguu vyekundu, na walimu wengi tunatengeneza slaidi zetu wenyewe: unakaa na kitunguu juu ya glasi kitako kikigusa maji, siku mbili tatu mizizi imetoka, unakata ncha, unaziweka kwenye mchanganyiko wa ethanoli na asidi ya asetiki kwa kipimo cha tatu kwa moja ili seli zisimame pale pale zilipo, unazilainisha kwenye asidi ya haidrokloriki kwenye nyuzi joto 60 kwa dakika chache, unaweka rangi ya asetokamini au aseto-orsini, unafunika na kioo unabonyeza na kidole gumba. Inafanya kazi na endeleeni kufanya hivyo, mwanafunzi aliyebonyeza slaidi kwa mkono wake hasahau. Ila rangi zile zinashika kromosomu peke yake. Nyuzi huzioni kabisa. Mwanafunzi anaona vijiti vyekundu vimegawanyika pande mbili ndani ya seli inayoonekana tupu, afu we unamwambia kuna nyuzi zinavuta, na yeye anakubali kwa sababu mwalimu kasema. Hiyo si sayansi.

Slaidi ya boksi ni tofauti, mzizi umekatwa kwa mashine vipande vyembamba sana na rangi iliyotumika ni hematoksilini, ambayo inashika na vitu vingine zaidi ya kromosomu. Weka lenzi ya 40, yaani ukuzaji wa mara 400, punguza mwanga kwa diafragmu polepole usiwe mkali, na usogeze ile skrubu ndogo kidogo kidogo mbele nyuma, utaanza kuona mistari myepesi ya kijivu inayotoka pande mbili za seli kuja mpaka kwenye kromosomu zilizojipanga katikati. Angalia vizuri ncha za huo mkusanyiko wa mistari. Ni pana, butu, hazikutani kwenye nukta moja. Kumbuka hilo, na ukipita kwenye seli zilizokaribia kumaliza utaona pia nyuzi nyingine katikati pale ukuta mpya unapojengwa.

Sasa samaki. Hapa ndo hela yako ilipoenda. Kipande cha kiinitete kinaonekana mviringo, kimejaa seli za rangi ya bluu iliyokolea, na ukihama taratibu utapata seli iliyokatwa kwa ubavu ikiwa metafezi (hatua ya kromosomu kujipanga katikati): mstari mweusi wa kromosomu katikati, kila upande nyuzi zimeungana kuelekea nukta moja, na kutoka kwenye hiyo nukta nyuzi nyingine zimetawanyika pande zote mpaka karibu na utando wa seli, nyota kamili, tena mbili, moja kila upande. Nimekaa nayo muda mrefu dirishani na bado sijaichoka. Sogea kidogo utapata anafezi, kromosomu zimeachana, nyuzi za katikati zimebaki wazi. Niseme tu ukweli wa kile mnachokiona ili msiwadanganye watoto: ule mstari mmoja si uzi mmoja, ni fungu. Uzi mmoja wenyewe, maikrotubuli, una upana wa nanomita 25 hivi, na hadubini ya mwanga haiwezi kutenganisha vitu vilivyokaribiana chini ya nanomita 200, kwahiyo mnaona mafungu ya maikrotubuli zilizokaa pamoja.

Binti mmoja wa kidato cha tano aliziangalia hizo slaidi mbili mfululizo, akanyanyua kichwa akaniuliza, "Madam, mbona kwenye kitunguu zile nyota hamna?"

Swali hilohilo ndo linaiangusha karatasi ya maelezo. Karatasi inasema kwamba nyuzi za spindeli (huo mkusanyiko mzima wa nyuzi) zote huota kutoka kwenye sentrioli (vijirija viwili vidogo vya karibu na kiini), basi, ikaishia hapo, na ikachora seli ya mmea na sentrioli zake mbili kabisa. Kitunguu hakina sentrioli. Mimea yote inayotoa maua haina. Na mizizi ya kitunguu inagawanya seli usiku na mchana na kromosomu zinafika zinapotakiwa. Kwahiyo kama nyuzi zote zinatoka kwenye sentrioli, hizo za kitunguu zilizo kwenye boksi lako zimetoka wapi? Kampuni iliyotengeneza siitaji hapa, maana makosa haya yamo pia kwenye nukuu nyingi tunazopeana, ila mtu anayeuza slaidi nzuri namna hii angeandika karatasi inayolingana nazo.

Basi ngoja niwape maelezo ambayo mimi sasa naweka badala ya ile karatasi, na mtaniwia radhi nitarefusha kidogo kwa sababu hapa ndo kuna utamu.

Maikrotubuli ni mrija ulio wazi katikati, umejengwa kwa vipande vidogo vya protini inayoitwa tubulini. Kila kipande ni pacha, alfa na beta zimeshikana, na mrija wa kawaida una safu 13 za vipande hivyo zilizosimama kuzunguka. Kipande kinakuja kimebeba GTP (molekuli ndogo yenye nishati, ndugu wa ATP). Kikishajiunga, baada ya muda mfupi GTP yake inavunjwa inakuwa GDP, na kipande chenye GDP hakipendi tena kukaa mle, kinachokizuia kisitoke ni wenzake wapya wenye GTP waliokaa mbele yake kwenye ncha. Wapya wakiendelea kuja, mrija unarefuka. Wakichelewa kidogo tu, ncha inafunguka na mrija unabomoka haraka sana, afu unaweza kuokoka ukaanza kukua tena. Tim Mitchison na Marc Kirschner walilionyesha hili mwaka 1984, na ndo maana spindeli haijengwi mara moja ikatulia, maikrotubuli zinachomoza, zinabomoka, zinachomoza tena upande mwingine, kama mtu anayepapasa gizani akitafuta kitasa cha mlango, mpaka moja inaigusa kromosomu pale kwenye kinetokori (kishikizo cha kromosomu) na kushikwa. Iliyoshikwa inadumu. Nyingine zinabomoka, vipande vinatumika tena. Na seli ikiingia kwenye mgawanyiko inaongeza kasi ya mchezo huu makusudi: wakati wa kawaida maikrotubuli hudumu dakika kadhaa, kwenye spindeli nyingi hazifikishi hata dakika moja.

Hapo sasa kuna jambo ambalo karatasi hailigusi kabisa. Tubulini iliyomo ndani ya seli inatosha kurefusha mrija ambao tayari upo, ila haitoshi kuanzisha mpya wenyewe tu katikati ya maji ya seli. Kuanza ni kugumu, vipande vya kwanza kwanza vinashikana vinaachana. Na ugumu huo ndo unaoipa seli mamlaka, kwa sababu kama mrija hauanzi bila msaada, basi mwenye kushika msaada ndo anaamua uanzie wapi na lini. Msaada wenyewe ni tubulini ya tatu, gama, iliyogunduliwa mwaka 1989 na Berl Oakley na Elizabeth Oakley kwenye ukungu unaoitwa Aspergillus nidulans, ukungu tu. Gama tubulini inakaa na protini nyingine inatengeneza pete, na pete hiyo ndo msingi ambao mrija unaanzia juu yake. Mwaka 2019 na 2020 picha za pete ya binadamu zilipatikana kwa hadubini ya elektroni kwenye baridi kali, ikaonekana ina gama tubulini 14, imekaa wazi na haijakaa duara sawa, yaani haifanani moja kwa moja na mrija wa safu 13. Picha za mwaka 2024 zikaonyesha pete ikijifunga mrija unapoanza, ikalingana na zile safu 13. Kwangu mimi hilo ni jambo zuri sana la kumweleza mwanafunzi, kwamba pete ipo muda wote lakini imekaa kwa namna ambayo haianzi kazi hovyo, inasubiri kuwekwa mahali pake na protini za kuiamsha.

Kwahiyo swali la binti sasa linageuka: seli inaweka wapi pete zake? Jibu ni kwamba haiweki sehemu moja.

Sehemu ya kwanza ni sentrosomu, ambayo Theodor Boveri aliipa jina mwaka 1888, na hiyo ndo kitovu cha zile nyota za samaki. Sentrioli ziko katikati yake, ila maikrotubuli zinaota kwenye protini zilizozizunguka ambako pete zimejazana, si kwenye sentrioli zenyewe. Kabla ya mgawanyiko seli inahakikisha sentrosomu imejigawa mara moja tu ziwe mbili, afu vimeng'enya kama Aurora A na PLK1 vinabandika fosfeti kwenye protini za pale, ile sehemu inayozunguka sentrioli inanenepa na pete zinaongezeka mara kadhaa. Nyuma ya yote yuko kimeng'enya CDK1, ambaye ndo anafungua mlango wa mgawanyiko wenyewe (mitosisi). Kazi ya kuelewa mfumo huo wa CDK na wenzake ndo iliyowapa Hartwell, Hunt na Nurse tuzo ya Nobel mwaka 2001.

Sehemu ya pili ni kromosomu zenyewe, na hapa wanafunzi huwa wanashangaa. Mwaka 1996 Rebecca Heald na wenzake walichukua vishanga vidogo, wakavibandika DNA, wakavitia kwenye maji ya mayai ya chura Xenopus laevis, chura wa Afrika huyu, na spindeli ikajijenga kuzunguka vile vishanga, hamna sentrosomu, hamna kinetokori. Inavyofanya kazi ni hivi: juu ya kromosomu kuna protini RCC1 inayoipa GTP protini nyingine ndogo iitwayo Ran, kwahiyo Ran yenye GTP inakuwa nyingi karibu na kromosomu na inapungua kadri unavyosogea mbali. Ran hiyo inazifungua protini kama TPX2 zilizokuwa zimeshikiliwa na importini (protini za kubebea mizigo kuingia kwenye kiini), na zikiwa huru zinaanzisha maikrotubuli papo hapo zilipo kromosomu. Na saa inajulikanaje? Siku za kawaida TPX2 imefungiwa ndani ya kiini, tubulini iko nje. Utando wa kiini ukivunjika ndo zinakutana. Yaani kuvunjika kwa utando wenyewe ni sehemu ya ishara.

Ya tatu ni maikrotubuli zilizokwisha kuwepo. Kuna kundi la protini nane linaitwa augmini, lilipata jina hilo mwaka 2008 baada ya kazi ya Gohta Goshima na wenzake kwenye nzi wa matunda, linashika ubavu wa mrija wa zamani na kuweka pete pale, mrija mpya unatoka kwa pembe ndogo ukielekea upande uleule wa mama yake. Mwaka 2013 Sabine Petry na wenzake waliiona mirija ikitoa matawi hivyo, tena kwenye maji ya mayai ya chura yaleyale. Mrija mmoja unazaa, wa pili unazaa, na muda mfupi tu spindeli imejaa nyuzi zote zikiangalia kule zinakotakiwa.

Sasa rudi kwenye slaidi ya kitunguu. Haina sehemu ya kwanza. Pete zake zinakaa kwanza kuzunguka kiini, afu kromosomu na augmini (mimea inayo augmini) zinafanya kazi iliyobaki, ndo maana nyuzi zinatoka kwenye eneo pana na ncha ni butu. Na usidhani ni mimea tu. Mwaka 2006 Renata Basto, Jordan Raff na wenzao walionyesha nzi wa matunda wasio na sentrioli wanakua mpaka wanakuwa nzi wazima, kinachowaua baadaye ni kwamba neva zao za hisia zinahitaji silia (vijinywele vya seli) na silia zinahitaji sentrioli. Na yai la mwanamke nalo halina sentrosomu. Kundi la Melina Schuh walifuatilia mayai ya binadamu mwaka 2015 wakaona spindeli inajengwa kutoka kwenye kromosomu kwa njia ya Ran, inachukua kama masaa 16, na mara nyingi inayumba kabla haijatulia, na hiyo ni moja ya sababu mayai ya binadamu hupata idadi ya kromosomu isiyo sahihi. Mwanafunzi akishajua hilo, mada ya kromosomu 21 kuwa tatu (hali ya Down) haitakuwa tena ya kukariri.

Kumalizia upande huo, seli haiachi kromosomu zitengane mpaka kila kinetokori imeshikwa. Jeni za ukaguzi huo zilipatikana kwenye hamira mwaka 1991, na mwaka 1995 Conly Rieder na wenzake walionyesha kwamba kinetokori moja tu isiyoshikwa inatosha kuzuia seli nzima. Kwenye slaidi ya samaki mtafute metafezi ambayo kromosomu moja bado iko pembeni haijajipanga, mkiipata muwaonyeshe wote, seli ile ilikuwa inasubiri.

Kuna jingine ambalo karatasi ingelisema kwa sentensi moja tu ikawasaidia wengi. Yale maua ya waridi na meupe yanayopandwa nje ya nyumba nyingi hapa mjini, yanayostahimili ukame wetu, Catharanthus roseus, ndo yanakotoka vinkristini na vinblastini, dawa za saratani zinazozuia tubulini isijengeke. Hospitali kama Ocean Road, ile ya saratani ya Dar es Salaam, wanatibu wagonjwa kwa dawa za namna hii. Paklitaxeli, ambayo asili yake ni gamba la mti Taxus brevifolia, inafanya kinyume chake, Susan Horwitz alionyesha mwaka 1979 kwamba inazigandisha maikrotubuli zisibomoke. Moja inazuia kujenga, nyingine inazuia kubomoa, na seli inakwama vilevile, kwa sababu spindeli inahitaji yote mawili. Nywele zinanyonyoka kwa kuwa seli za mizizi ya nywele zinagawanyika kwa kasi, vidole vinakufa ganzi kwa kuwa neva nazo zinatumia maikrotubuli. Wanafunzi wenye ndugu aliyepitia matibabu hayo wanakaa kimya kusikiliza sehemu hii, na wanauliza maswali ya maana.

Sasa mambo ya matumizi. Hadubini ya kioo inatosha, jua la Dodoma lipo, ila msielekeze kioo kwenye jua lenyewe, mtaumiza macho, elekezeni kwenye ukuta mweupe au anga la upande mwingine. Kwa lenzi ya 100 lazima mafuta yake, na ile slaidi ya samaki kioo chake cha juu ni kinene kidogo kwahiyo shukeni taratibu mkitazama kwa ubavu, lenzi isigonge. Vumbi ndo adui mkubwa, upepo wa hapa mwezi wa saba na wa nane unaingiza mchanga mpaka kwenye kabati lililofungwa, mi boksi nalifunga kwenye mfuko wa plastiki wenye zipu na nafuta slaidi kwa karatasi ya lenzi tu, si kwa khanga wala pindo la koti. Lebo za karatasi gundi yake ni hafifu, joto la Oktoba likifika zinajibandua, andikeni namba kwa kalamu ya kuchorea kioo mapema kabla hamjazichanganya.

Kwa shule yenye kidato cha tano na sita naipa nyota nne kati ya tano, ya tano imechukuliwa na karatasi na ile slaidi ya panzi. Kwa mwanafunzi mmoja mmoja elfu sabini ni nyingi, unganeni watano. Kwa shule ya O-level peke yake sioni haja ya boksi zima, kitunguu mtatengeneza wenyewe, mnachokikosa ni samaki tu, na kijana wa dukani kaniambia akiwa na boksi lililovunjika slaidi mojawapo njiani huwa anaziuza zilizobaki moja moja, kwahiyo mkifika muulizeni ya samaki kwanza kabla hamjaanza kuulizana bei ya boksi.